Pengo la Cheche: Mwongozo wa Kulijaribu na Kulipima kwa Koili ya Gari

Aghalabu mtu anayejitengenezea koili ya volti nyingi hutia bidii yote katika koili yenyewe, akahesabu mizunguko ya waya, akatafuta transfoma yenye nguvu kuliko ile aliyonayo, na pengo la cheche akaliacha liwe misumari miwili iliyopindwa kwa koleo. Kisha hustaajabu kwamba leo cheche huruka vizuri na kesho hazitaki kuruka, hali hakuna alichobadilisha. Mwongozo huu umekusudia kinyume cha desturi hiyo. Koili tutaichukua ikiwa tayari, ile ya gari la zamani ipatikanayo kwa mafundi na kwa wauza vipuri vilivyotumika, na juhudi zote tutazielekeza kwenye pengo, madhali hapo ndipo volti zinapoamuliwa, na hapo ndipo mwenye subira ya kupima humpita mwenye mali ya kununua transfoma kubwa.

Kwanza, kwa nini pengo lina hukumu

Hewa kavu ni kizuizi cha umeme, walakin ni kizuizi chenye ukomo. Baina ya vichwa viwili vya mviringo vilivyotengana sentimita moja, kwenye usawa wa bahari, hewa hustahimili takriban volti 30,000. Zikizidi hapo, chembe chache za umeme zilizokuwamo hewani hukimbizwa kwa nguvu hata zikagonga nyingine na kuzivunja, nazo nyingine hugonga nyingine, na kabla ya kupepesa jicho njia ya moto imekwisha kufunguka. Pengo basi lina kazi tatu: kuzuia mpaka nguvu zijikusanye, kufungua ghafla, na kisha kuzima. Kazi hii ya tatu ndiyo inayosahauliwa, nayo ndiyo ngumu kuliko zote, hususan katika koili ya aina ya Tesla, ambamo pengo lisilozima upesi huziruhusu nguvu zilizokwisha kuvuka kwenda koili ya pili zirudi zilikotoka na kupotea bure.

Mambo haya si mageni. Heinrich Ruhmkorff, fundi Mjerumani aliyefanya kazi Paris, alitengeneza koili zilizompatia mwaka 1864 zawadi ya faranga 50,000 kutoka kwa Mfalme Napoleon wa Tatu. Na kwa koili ya namna hiyo Heinrich Hertz, katika miaka ya 1886 hadi 1888 huko Karlsruhe, alithibitisha kwamba mawimbi ya umeme yapo hewani. Katika zama zilizofuata, simu ya upepo aghalabu iliendeshwa kwa cheche. Pwani yetu nayo iliyaona hayo: mwezi Agosti 1914 manowari ya Kiingereza iitwayo Astraea ilipokuja kuipiga mizinga Dar es Salaam, shabaha yake ilikuwa kituo cha simu ya upepo cha Wadachi.

SANDUKU LA KWANZA: Vitu usivyovigusa

- *Transfoma ya maikrowevu.* Hutoa volti 2,000 hivi kwa mkondo wa nusu ampea na zaidi, na sehemu ya kumi ya ampea ikipita kifuani yatosha kuuvuruga moyo. Imeua watu, wakiwamo mafundi wazoefu. Haina nafasi katika mchezo wowote wa nyumbani.
- *Umeme wa ukutani,* uwe wa moja kwa moja au kwa kupitia transfoma ya taa za neoni. Waachie wenye kusimamiwa na mjuzi.
- *Kapasita upande wa volti nyingi.* Mshindo mmoja wa koili ya gari una nguvu kiasi cha jouli 0.05. Kapasita ndogo ya maikrofaradi 0.01 ikijazwa volti 20,000 hubeba jouli 2, yaani mara arubaini, nayo hukaa nazo ikikungoja hata baada ya kuondoa betri.
- *Koili za kisasa zenye saketi ndani yake,* zile zinazokaa juu ya plagi moja moja.

Hata hiyo koili ya zamani si ya kudharauliwa. Mshtuko wake huuma sana, huweza kukurusha mkono ukagonga chuma au ukaangusha betri, na kwa mwenye maradhi ya moyo ni hatari iliyo dhahiri. Mwenye kifaa cha kuendesha moyo kilichopandikizwa kifuani asiwe chumbani kabisa.

Njia tutakayoifuata

Wengi hupima koili kwa kuzidi kutanua pengo mpaka cheche zikome, wakasema, "Hapa ndipo nguvu yake ilipoishia." Njia hii ni mbovu kwa sababu mbili. Cheche ikikosa pa kurukia nje, hurukia ndani ya koili, ikatoboa kizuizi cha waya, na koili ikafa siku ile ile au baada ya siku chache. Fauka ya hayo, kipimo chenyewe hakisemi neno juu ya pengo, kwa kuwa betri iliyochoka kidogo tu hukibadilisha.

Njia iliyo bora ni kuyaunga mapengo mawili sambamba kwenye koili moja. La kwanza tuliite *kigezo*: vichwa viwili vya mviringo, vimetengana milimita 5, havisogezwi kamwe. La pili ni *la majaribio*, nalo ndilo unalolisogeza na kulibadilisha umbo. Cheche huchagua palipo pepesi. Ukilitanua la majaribio hatua kwa hatua, utafika mahali cheche zinapogawanyika, nusu huku na nusu kule, na hapo mapengo mawili yamelingana. Betri ikichoka, mapengo yote mawili huonja uchovu ule ule, na koili daima ina njia ya kutokea.

Vifaa

Koili ya gari ya silinda, ya volti 12, yenye vidomo viwili vidogo na tundu moja kubwa la waya wa plagi. Pima kwa mita baina ya vidomo viwili: omu 3 hivi ni sawasawa, ikiwa chini ya omu 1.5, iache, kwani hiyo yataka mkondo mkubwa mno. Betri ya volti 12 iliyofungwa, ya pikipiki au ya kompyuta za ofisini. Fyuzi ya ampea 5 na kishikilia chake. Swichi ya kubonyeza yenye mwili wa plastiki, inayojiachia yenyewe kidole kikiondoka, ya ampea 5 au zaidi. Kondensa ya distributa. Waya wa plagi. Vishikio viwili vya shaba ya manjano vya mtoto wa meza, vya mviringo kamili, kipenyo cha sentimita 2. Fimbo ya skrubu ya M6 pamoja na nati zake. Kibao cha plastiki cha kukatia mboga, kile cheupe kinene.

Kibao hicho nakisifu makusudi. Mbao hunywa unyevu, na katika miji ya pwani hewa ya chumvi huupa umeme njia ya kutambaa juu yake bila kuonekana. Plastiki ile hainywi maji, yatobolewa kwa keekee ya mkono, na yasafishwa kwa kitambaa. Nguzo za kushikilia ncha uzikate kutoka kibao hicho hicho.

Na fimbo ya M6 nayo ina siri yake: meno yake yametengana milimita moja, hivyo mzunguko mmoja mzima ni milimita moja kamili, na robo ya mzunguko ni robo ya milimita. Piga alama ya rangi kwenye nati, ukae na kipimo ambacho duka halikuuzii.

Kuunganisha

1. Simamisha nguzo mbili kwa ajili ya kigezo na mbili kwa ajili ya pengo la majaribio, mapengo yakiachana sentimita 15 au zaidi, ili cheche ya moja isiliamshe jingine.
2. Funga vishikio vya shaba kwenye nguzo za kigezo, vikitazamana. Ving'arishe kwa msasa laini kabisa, kisha kwa kitambaa kikavu. Chukua ncha ya keekee ya milimita 5, ipitishe shina lake baina yao mpaka ipite kwa kugusa kidogo pande zote mbili, kaza nati, pitisha tena kuhakikisha.
3. Kwenye pengo la majaribio pitisha fimbo za M6 zilizokatwa, moja yenye kuzunguka na moja isiyozunguka.
4. Chanya ya betri iende kwenye fyuzi, na kutoka fyuzi iende kwenye kidomo chanya cha koili. Kidomo hasi kiende kwenye swichi, na swichi iende kwenye hasi ya betri. Waya wa betri usiuunge bado.
5. Kondensa iunge sambamba na swichi, mguu mmoja kila upande. Hii ndiyo hila aliyoigundua Fizeau, Mfaransa, mwaka 1853: bila yake cheche hupasuka kwenye swichi badala ya kwenye pengo, swichi huungua na volti hupungua.
6. Waya wa plagi utoke kwenye koili na kugawanyika kwenye ncha za juu za mapengo yote mawili. Ncha za chini ziungwe pamoja na kurudi kwenye hasi ya betri.
7. Weka betri umbali wa mita moja na zaidi. Chaja isiwe imeungwa wakati wowote wa majaribio, kwani upande mmoja wa koili umeshikamana na betri ndani kwa ndani, na njia ya kwenda ukutani usiifungue kamwe.

Ukibonyeza, umeme hujikusanya katika koili. Ukiachia, cheche huruka. Bonyezo moja, cheche moja. Utaratibu huu wa polepole huwachosha wenye haraka, lakini ndio unaokuwezesha kuhesabu, na asiyehesabu hana jaribio ila ana tamasha. Usishikilie swichi, nusu ya nukta yatosha kabisa, zaidi ya hapo unaipasha moto koili bure.

SANDUKU LA PILI: Kagua kabla ya kila kikao

☐ Yuko mtu wa pili, anayejua jinsi ya kuchomoa betri.
☐ Dirisha liko wazi. Cheche hugeuza hewa kuwa ozoni, yenye harufu kali ya kuchoma pua, nayo huumiza mapafu na kuozesha mpira.
☐ Hakuna petroli, mafuta ya taa, jiko la gesi wala spiriti. Ikiwa umesafishia ncha kwa spiriti, ngoja ikauke na chupa itoke chumbani.
☐ Betri haikuchajiwa katika chumba hicho muda mfupi uliopita. Betri ya asidi ikichajiwa hutoa gesi inayolipuka kwa cheche.
☐ Simu na kompyuta ziko mbali.
☐ Kigezo kimepimwa kwa ncha ya keekee, milimita 5.
☐ Hakuna waya mrefu ulioungwa kwenye pengo. Waya huo ungekuwa antena, na kurusha mawimbi ya cheche ni kuvuruga redio za watu na kuvunja sheria ya mawasiliano.
☐ Mkono mmoja uko mfukoni au nyuma ya mgongo.

Kabla ya kugusa pengo kwa ajili ya kulisogeza: chomoa betri, kisha gusisha ncha ya juu kwa waya uliofungwa kwenye kijiti cha bomba la plastiki na kuungwa kwenye hasi. Fanya hivyo kila mara, hata mara ya hamsini.

Majaribio

*La kwanza: mviringo na mkali.* Anza kwa kofia: nati za M6 zenye kichwa cha duara zifungwe kwenye ncha za fimbo. Weka pengo milimita 3, unga betri, bonyeza mara 20, uandike ngapi ziliruka hapo na ngapi kwenye kigezo. Tanua nusu milimita, rudia. Ukifika mahali pa kumi kwa kumi, au karibu yake, andika umbali.

Kisha ondoa kofia, uzichonge fimbo kwa tupa ziwe kali kama penseli, uanze upya kutoka milimita 6. Hapo utaona jambo la kushangaza kwa asiyelijua: ncha kali huruka mbali mara mbili na zaidi kuliko mviringo, kwa volti zile zile. Sababu yake ni kwamba umeme husongamana penye ncha, hewa ya pale huvunjika kabla ya nyingine, na njia huendelea kujichimba kutoka hapo. Zima taa utaona mng'ao wa zambarau kwenye ncha kabla cheche haijaruka. Kwa hiyo ukimsikia mtu akijisifu kwa cheche ya sentimita mbili, muulize kwanza ncha zake zilikuwa za umbo gani.

*La pili: ncha na sahani.* Badala ya fimbo moja weka kipande bapa cha shaba, pembe zake zikiwa zimelainishwa. Tafuta umbali wa kulingana, kisha badilishana: ncha iwe upande wa koili na sahani upande wa hasi, halafu kinyume chake. Umbali hautakuwa sawa. Ncha iliyo chanya huvunja hewa kwa wepesi kuliko ncha iliyo hasi, na kwa jaribio hili dogo utaijua koili yako inatoa nini bila ya kuifungua.

*La tatu: pengo lililogawanywa.* Kata vipande vya bomba la shaba nyekundu la mafundi friji, vya urefu wa sentimita 5, uvilaze sambamba juu ya kibao, vikiachana milimita moja moja. Mwenye kuichukua ile kanuni ya volti 3,000 kwa milimita atakosea hapa, kwa kuwa kanuni hiyo haifai kwa mapengo mafupi: milimita moja peke yake yataka volti 4,300 hivi, ilhali kigezo chako cha milimita 5 chataka kiasi cha 16,500. Kwa hesabu ya karatasi, mapengo manne ya milimita moja yangelingana na kigezo. Ongeza bomba moja moja uone mezani yanahitajika mangapi. Aghalabu ni zaidi, kwa maana volti hazigawanyiki sawasawa baina ya mapengo, na lile lililobeba zaidi hutangulia kuvunjika. Faida ya mpango huu ni kuzima: kila cheche fupi imebanwa baina ya shaba mbili pana zinazoinyang'anya joto lake. Mwenye nia ya kujenga koili ya Tesla siku moja, pengo lake la kwanza na liwe la namna hii, pamoja na feni ndogo ya kulipulizia.

*La nne: madini.* Piga cheche mia kadhaa kwa ncha za shaba, kisha kwa chuma, utazame nyuso zake kwa kioo cha kukuzia. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085 za Selsiasi, na utaona vishimo vyake. Tangsteni, ile ya vijiti vya mafundi wa kuchomelea TIG, huyeyuka kwenye nyuzi 3,422 na hudumu sana. Lakini vile vijiti vyenye rangi nyekundu mwishoni vina thoriamu, yenye mnururisho. Usivinoe, vumbi lake lisiingie pumzini.

Ikiwa majibu yanayumba

Yatayumba. Pengo lile lile, siku ile ile, litaruka mara 14 katika 20 kisha mara 8. Usikimbilie kulaumu betri. Cheche yataka chembe ya kuianzisha, na chembe hiyo huja kwa nasibu. Hertz mwenyewe mwaka 1887 alilifunika pengo lake dogo kwa kasha ili aione cheche vizuri gizani, akastaajabu kuiona imefupika. Akapeleleza, akakuta kwamba nuru isiyoonekana kwa macho, itokayo katika cheche kubwa, ndiyo iliyokuwa ikiisaidia ndogo, na kwamba kioo cha kawaida huizuia nuru hiyo. Kwa hiyo usibadilishe mahali pa taa wala usiweke kioo baina ya mapengo katikati ya kikao.

Sababu nyingine ni hizi:

- *Ncha zimechafuka.* Weusi na vishimo hugeuza mviringo kuwa ncha. Msasa laini kila baada ya cheche mia moja hivi.
- *Unyevu na chumvi.* Cheche haionekani popote na koili inanong'ona: umeme unatambaa juu ya kibao. Futa kwa kitambaa chenye maji safi kuondoa chumvi, kisha kausha kabisa.
- *Cheche iko kwenye swichi.* Kondensa imekufa au waya wake umeachia.
- *Mapengo yote mawili hayaruki.* Acha kubonyeza mara moja. Angalia fyuzi, kisha betri, kisha waya wa plagi. Kuendelea kubonyeza ni kuitoboa koili.
- *Ulinganisho na rafiki wa bara.* Hewa ya Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi, ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya sita, hivyo milimita 5 za kule ni volti 14,000 tu. Kulingana kwa kigezo na pengo la majaribio hakubadiliki sana, bali ukitaja volti, taja na mji.

Kikao kikiisha, chomoa betri kwanza, gusisha kijiti, ndipo ufungue nyaya. Vishikio vya shaba vifutwe na kuviringishwa katika karatasi kavu. Fimbo zilizochongwa zichomekwe kwenye kizibo, zisije zikamchoma mtoto. Na swichi ifichwe mbali na koili, ili atakayeikuta koili peke yake kabatini asiwe na la kuibonyezea.